Sungura Kumi na Wanane wa Ignasi

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
Dar es Salaam
16 Januari 1977

Kwako dada yangu Benedikta,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi cha vumbi la mtaa huu ambacho sikihesabu kuwa ugonjwa. Natumaini wewe, shemeji Pius na binti yetu Selina mmeuvuka mwaka salama, na kwamba kijiji kipya kimeanza kufanana na nyumbani.

Korosho zilifika. Awadhi aliziacha kwa mlinzi wa getini kazini kwangu mwezi wa kumi na moja, akaenda zake bila kuniona. Dereva wa lori ana haraka zake, sikumlaumu. Nusu amekula mwenye nyumba wangu, Mzee Mwinyimvua, ambaye kila nikikaa kuandika barua huja kusimama mlangoni na kusema, "Nisalimie huko," mkono ukiwa ndani ya bakuli. Basi anakusalimu.

Umeniuliza habari za kazi, na kwamba watu wa huko wanataka kujua daktari wao anaendeleaje. Anaendelea. Koti langu jeupe lilishonwa kwa ajili ya mtu mwenye mabega. Mimi nimejaliwa shingo tu, kwa hiyo kwa nyuma nafanana na shuka iliyoanikwa. Nina wagonjwa kumi na wanane, wote wa moyo. Ni wapole. Hawajawahi kunijibu vibaya, hawalalamikii chakula, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba aonwe na daktari mwingine. Mkuu wetu, Daktari Hemlata, mama wa Kihindi aliyezaliwa na kukulia Kisutu, anasema hajapata kuona mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa kwa uangalifu kama mimi. Nimelichukua kama sifa, kwa kuwa nyingine sina.

Nakutumia sabuni mbili za kufulia kwa mkono wa mtu wa basi. Usiulize foleni yake ilikuwa ndefu kiasi gani.

Mdogo wako,
Ignasi


Masasi
9 Februari 1977

Mdogo wangu Ignasi,

Marahaba. Barua yako imefika pamoja na sabuni moja. Ya pili nadhani imemtakatisha mtu wa basi.

Huku tupo. Pius ana mgongo wake uleule na maneno yake yaleyale. Selina yuko darasa la saba, mwaka huu ndio mtihani, na amekuwa mkali kwangu kama mwalimu mkuu. Mimi nimekuwa bibi mvivu. Mikorosho yetu ilibaki kule tulikotolewa tulipohamishiwa kijiji hiki, mwendo wa saa moja na nusu, na msimu huu niliwaachia baba na mtoto waende wenyewe. Nimekaa kizingitini nikiwapangia watu kazi kama katibu tarafa. Nimenenepa pia, ila mwili umechagua kunenepa miguuni tu, juu umeniacha vilevile. Hata unene kwangu umekuja kwa mafungu.

Kuna jambo nataka kukuuliza, kwa kuwa wewe ndiye daktari tuliye naye. Nina jirani yangu mmoja, mama wa makamo. Ikifika jioni miguu yake huvimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Akipanda kile kilima cha kisimani husimama mara tatu, na anajifanya anaangalia mashamba ya watu. Usiku hawezi kulala chali, akilala anakohoa kama mtu anayezama, kwa hiyo analala ameegemea ukuta. Mumewe anasema amelogwa na ukuta.

Daktari atasema huo ni ugonjwa gani? Niandikie polepole, jirani hana haraka.

Dada yako,
Benedikta


Dar es Salaam
6 Machi 1977

Dada Benedikta,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako niliipata tarehe ishirini na mbili, na tangu siku hiyo nimeianza ya kujibu mara nne. Mzee Mwinyimvua anakusalimu na kuuliza kama korosho za msimu huu zimekauka vizuri.

Kazini tumepata tabu. Mpaka wa Kenya umefungwa, na chakula cha wagonjwa wetu kilikuwa kinatoka Nairobi kwa magunia. Sasa kila alfajiri nashuka shimoni, chini ya lile soko jipya la Kariakoo, nakusanya majani ya nje ya kabichi ambayo wauzaji huyatupa. Akina mama wa mboga wamenipa jina, Baba Kumi na Nane, kwa sababu waliponiuliza nalisha watu wangapi nilijibu kweli. Mmoja wao, Hyasinta, huniongezea karoti zilizovunjika, anatikisa kichwa na kusema, "Mwambie mkeo apumzike sasa." Ndiyo, dada, hospitali siku hizi inatumia mboga sana.

Wiki hii nimempoteza mgonjwa namba saba. Nilimkuta asubuhi.

Kuhusu jirani yako: apunguze chumvi, asibebe maji, na aende kumwona daktari wa karibu. Najua hayo hata mganga wa njia panda angeyasema. Nilimweleza Daktari Hemlata, naye akaacha kuandika, akaniangalia. Ameuliza mambo mawili. Kwanza, jirani akiwa ametulia amekaa, anavuta pumzi ngapi kwa dakika? Selina anaweza kuhesabu kwa saa ya baba yake, mgonjwa asijue kwamba anahesabiwa. Pili, utotoni aliwahi kuugua homa iliyovimbisha magoti na vifundo?

Nijibu upesi, hata kama jirani hana haraka. Mimi ninayo.

Ignasi


Masasi
2 Aprili 1977

Mdogo wangu Ignasi,

Marahaba. Mvua imeanza kwa hasira, paa letu linavuja mahali pawili na Pius ameweka sufuria moja, huwa anaihamisha. Selina hajambo, alikuwa wa tatu darasani na hataki tumpongeze kwa sababu anataka kuwa wa kwanza.

Alihesabu pumzi. Jirani alikuwa akichambua maharage, hakujua. Thelathini. Selina akahesabu tena akapata thelathini na moja, akafunga saa mkononi mwa baba yake.

Lile la pili, jirani anasema ndiyo. Alikuwa na miaka kama kumi. Magoti yalivimba hata hakuweza kukanyaga, akakosa shule msimu mzima, na aliporudi wenzake walikuwa wameshapanda madarasa. Hakuendelea tena. Anasema haoni magoti ya mwaka arobaini na tano yanahusianaje na kikohozi cha leo.

Barabara yetu haipitiki. Barua hii inakwenda na Baba Paroko hadi Lindi.

Benedikta


Dar es Salaam
24 Aprili 1977

Dada,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Jirani huyo ninamjua. Katika familia yetu kuna mtu mmoja tu aliyeachishwa shule na magoti. Mama alikuwa akinisimulia kila nilipokataa kwenda darasani, kwamba dada yangu angeitoa hata mikono aipate nafasi ninayoichezea. Nilipofika kwenye mstari ule niliiweka barua chini, nikaenda kukaa uani.

Kwa kuwa wewe si jirani, na mimi niseme nisivyo. Mimi si daktari. Sijawahi kuwa. Mwaka juzi niliandika kwamba nimeajiriwa idara ya moyo, na hilo lilikuwa kweli. Baba Paroko akaisoma barua mbele ya watu, mkapiga vigelegele. Ningewezaje kuvikusanya vigelegele na kuvirudisha? Niliviacha. Mimi ni mtunza sungura. Wagonjwa wangu kumi na wanane ni sungura. Ninaosha vizimba, ninawapima uzito, ninahesabu pumzi zao asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Wanapolala mimi hufagia. Koti jeupe ni la kuzuia manyoya.

Nitakueleza tunachofanya, halafu utaona kwa nini naogopa. Daktari Hemlata anataka kujua ni kitu gani hasa kinachoharibika ndani ya moyo unaposhindwa kusukuma damu. Hawezi kuufungua moyo wa mtu aliye hai na kuutazama. Kwa hiyo anamlaza sungura kwa dawa, anampasua, anaufunga uzi kwenye mshipa mkubwa unaotoka moyoni, si kwa kuuziba, kwa kuubana tu. Moyo unalazimika kusukuma dhidi ya ule uzi siku baada ya siku. Mwanzoni unanenepa na kujitahidi, sungura anaruka kama kawaida. Baada ya miezi unachoka. Uzito unapanda kwa maji, si kwa nyama. Pumzi zinakuwa fupi. Sungura anaacha kujilaza, anakaa ameinua kifua.

Nilipomsomea Daktari Hemlata barua yako alisema, "Ile homa ya utotoni huacha kovu kwenye mlango wa moyo. Mlango unakakamaa, moyo unasukuma dhidi yake miaka thelathini. Ignasi, huyu mama aje Dar es Salaam mvua zikikatika. Asingoje." Atakupeleka mwenyewe kwa bingwa wa moyo. Meli ikipita Mtwara panda meli, barabara ikifunguka panda basi.

Nikasirikie ukishafika.

Ignasi


Dar es Salaam
29 Mei 1977

Dada Benedikta,

Shikamoo. Sijapata jibu. Kila Jumamosi nakwenda wanakopakia mabasi ya kusini kuuliza, na wameshanichoka. Jana mmoja aliniambia Rufiji imefika barabarani, na kwamba kama nina haraka nianze kuogelea.

Kama umenyamaza kwa sababu ya uongo wangu, una haki. Nilimweleza Mzee Mwinyimvua ukweli nikitarajia atashangaa. Akasema, "Mwanangu, daktari gani anarudi nyumbani ananuka kabichi?" Kumbe katika mtaa mzima niliyekuwa nimedanganyika ni mimi.

Niandikie hata mstari mmoja. Selina aandike kama wewe mkono umechoka.

Ignasi


Masasi
19 Juni 1977

Mdogo wangu Ignasi,

Marahaba, na tena marahaba, maana shikamoo zako mbili zimefika siku moja, ya Aprili na ya Mei, zote zimelowa. Ya Aprili ilibidi Selina aianike kwenye ungo. Sikunyamaza kwa hasira. Ilikuwa mvua.

Ignasi, nilijua. Awadhi alipoleta zile korosho aliuliza getini, "Daktari Ignasi yuko wapi?" Mlinzi akacheka hadi akashika lango, akamwonyesha dirishani. Awadhi akakuona unaosha vizimba huku unawaimbia sungura wimbo wa komunyo. Akaona akiingia atakuaibisha, akaacha mzigo. Alinieleza mimi peke yangu. Nilimlisha vizuri ili mdomo wake uwe na kazi nyingine.

Sasa utaniuliza, kama nilijua, kwa nini nilikuandikia kama daktari. Daktari nilishamwona, wa misheni, mwaka jana. Alisema moyo wangu una shida, akanipa vidonge vya mwezi mmoja, akaniambia niende Dar es Salaam. Ni mtu mwema. Alinishika bega, akaongea kwa sauti ya chini, na nilipomuuliza mwisho wake ni nini akasema tumwachie Mungu. Nilirudi nyumbani sijui kitu. Nikafikiri, mdogo wangu anakaa na wenye ugonjwa huu mchana kutwa. Hawezi kuwashika bega. Ameona unavyoanza na unavyoisha. Lakini nilishindwa kuuliza kwa jina langu, nikamwazima jirani. Kwa hiyo usijipige sana. Wewe ulijifanya daktari, mimi nilijifanya mwenye afya, na wa kwako ulikuwa uongo mdogo.

Sikwenda Dar kwa sababu ya msimu wa korosho, nilisema. Halafu kwa sababu ya mtihani wa Selina. Ukweli ni kwamba naogopa kufia huko nikazikwa na watu wasiolijua jina langu.

Niambie sasa bila kunificha. Wale wasiopewa dawa, wanaishia wapi? Na yupo aliyepona?

Benedikta


Dar es Salaam
3 Julai 1977

Dada yangu,

Shikamoo. Mzee Mwinyimvua safari hii hakuja mlangoni. Ameona uso wangu akaniletea chai.

Umeniuliza, nakujibu kama daftari lilivyo. Sungura wetu wamegawanywa makundi matatu, sita sita. Kundi la kwanza walipasuliwa wakashonwa, bila kufungwa uzi. Hao ni wazima, wanene, na mmoja amenitafuna vifungo viwili vya koti. Kundi la pili wamefungwa uzi na hawapewi dawa. Kundi la tatu wamefungwa uzi uleule, wanapewa dawa ya moyo kila siku.

Katika kundi la pili wamekufa wanne. Namba saba alikuwa wa kwanza. Siku za mwisho hawapigi kelele. Wanaacha kula, wanakaa wima, ukiweka sikio unasikia maji kifuani. Wawili waliobaki hawatafika mbali. Katika kundi la tatu amekufa mmoja. Watano wako hai, wanakula, wanapumua vizuri, na wakisikia nyayo zangu wanakuja mbele ya kizimba.

Nilimuuliza Daktari Hemlata moyo unachoka vipi, si nyama nyingine zinachoka na kupumzika? Tulikuwa tumesimama sokoni, alikuja kuniona ninavyopata majani. Akanionyesha mpagazi aliyebeba gunia la vitunguu. "Kubeba si kazi yake yote," akasema. "Lazima atue, ndipo abebe lingine. Moyo nao hubana halafu hulegea. Nadhani unaochoka huanza kushindwa kutua." Sijui kama nimeelewa, lakini nimeandika.

Dada, wewe uko kundi la pili. Nakuomba uhamie la tatu. Kitanda kimeombwa na barabara imefunguka. Kuhusu kuzikwa na wasiokujua, ukija hapa kuna mtu mmoja anayelijua jina lako tangu alipokuwa anabebwa mgongoni mwako na magoti yale.

Ignasi


Masasi
23 Julai 1977

Ignasi,

Marahaba. Pius ameisoma barua yako mwenyewe, akaenda kuuza mbuzi. Ninapanda basi Jumanne pamoja na Baba Paroko, ambaye ana safari ya Dar. Selina anabaki kwa ajili ya mtihani, ameniandikia kwenye karatasi mambo tisa ya kumuuliza daktari.

Uje kunipokea bila koti.

Benedikta


Masasi
25 Septemba 1977

Mdogo wangu Ignasi,

Marahaba, na hii ni kabla hujasema. Nimefika salama siku nane zilizopita. Pius aliniangalia miguu kwanza, usoni baadaye, akasema, "Imerudi." Kweli imerudi. Niliacha maji kilo saba pale wodini. Pius ameuliza kama wanayalipia.

Kuna jambo sikukuambia nilipokuwa huko, maana ungeanza kujikunyata. Wiki ya pili, ulipokuwa umekwenda sokoni, Daktari Hemlata alikuja akakaa kitandani kwangu, kitandani kabisa, si kwenye kiti. Nikamuuliza, "Huyu mdogo wangu, kazi anaiweza?"

Akasema, "Mama, kuna maabara sungura wanakufa kwa woga kabla jaribio halijaanza. Wa Ignasi hawaogopi. Kwa hiyo moyo ukidhoofika najua ni uzi, si hofu. Daftari lake ndilo nusu ya kazi yangu."

Nikamwambia, "Kijijini tunasema ni daktari."

Akacheka kidogo. "Msiseme tena hivyo. Watu wataacha kumwambia ukweli."

Baada ya misa Jumapili niliwaeleza watu kwamba Ignasi ni mtunza sungura na kwamba ndiye aliyeutambua ugonjwa wangu. Nilitegemea manung'uniko. Mzee Fikirini, ambaye alikuja kuwapokea watu nje ya kanisa, akauliza tu kama sungura wana soko.

Najisikia mzima hata naona haya. Nimelala chali usiku mzima. Juzi nilipanda kilima cha kisimani nikasimama mara moja tu. Kwa kuwa hali ni nzuri, vile vidonge nimeanza kumeza siku moja na kuruka moja, ili vifike hata Pasaka. Usione ni ubahili. Mtu aliyepona akimeza dawa kila siku anaonekana anapenda ugonjwa.

Selina amemaliza mtihani. Anasema ulikuwa rahisi, hapo ndipo nimeanza kuogopa.

Benedikta


Dar es Salaam
12 Oktoba 1977

Dada Benedikta,

Shikamoo. Nimefurahi kuhusu kilima, na nimefurahi kuhusu Selina. Barua hii nimempa Awadhi mkononi, nikamwambia asilale njiani.

Kuna jambo nilikuficha nami. Ulipokuja kuwaangalia wale watano wa kundi la tatu, ukasema wana bahati. Nami nilikuwa naijua tarehe yao ya mwisho. Ijumaa iliyopita jaribio limefika mwisho. Sungura wote waliobaki, kumi na wawili, wazima kwa wagonjwa, walilazwa kwa dawa wasiamke, mioyo yao ikatolewa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi tangu mwanzo. Bila moyo wenyewe hakuna cha kupima. Niliwashika mmoja mmoja, kwa kuwa kwangu hawaogopi. Daktari Hemlata alisema naweza kutoka nje. Nilibaki. Kisha nilikwenda nyumbani nikamwambia Mzee Mwinyimvua nina mafua.

Sikiliza kilichoonekana, kwa sababu kinakuhusu. Ndani ya kila seli ya msuli wa moyo kuna vifuko vidogo mno vya kuhifadhi kalsiamu. Vikiimwaga, moyo hubana. Vikiirudisha ndani, moyo hulegea na kujaa damu. Daktari aliisaga mioyo ile, akavitenga vifuko kwa mashine inayozunguka, akapima vinairudisha kalsiamu kwa kasi gani. Vya kundi la kwanza viliivuta upesi. Vya yule mmoja aliyebaki wa kundi la pili viliivuta polepole kama mzee anayepandisha ngazi. Nikangojea vya kundi la tatu. Hawa walikuwa wananenepa, dada, walikuwa wanakuja mbele ya kizimba. Nilikuwa na uhakika vitafanana na vya wazima.

Havikufanana. Vilikuwa vichovu vilevile.

Nilimuuliza Daktari kama amekosea. Akapima tena. Akasema sungura wachache kama hawa hawatoshi kudai jambo kubwa, lakini anachokiona ni hiki: dawa iliusaidia moyo kusukuma, haikuuponya. Ndani uliendelea kuumwa. Siku dawa inapokosekana, moyo unabaki na udhaifu wake wote.

Wewe hukupona, dada. Unasaidiwa. Nimeandika neno hilo mara tatu nikalifuta, nimeliacha la nne. Usiruke siku hata moja. Hujisikii mgonjwa kwa sababu ya vidonge unavyotaka kuviruka. Vikikaribia kwisha niandikie, bingwa amekubali kuandika vingine na Awadhi atavileta kila mwezi. Na ile sindano ya kila mwezi ya misheni, ya kuzuia homa ya utotoni isirudi, usiikose.

Vizimba viko wazi. Nimevifagia viwili vitatu nikakuta hakuna cha kufagia. Daktari Hemlata ameniombea nafasi ya kusomea ufundi wa maabara mwakani, jioni. Nimemwambia shingo yangu haitoshi kubeba elimu. Akasema fomu iko mezani, nijaze.

Ignasi


Masasi
16 Oktoba 1977

Mdogo wangu Ignasi,

Marahaba. Awadhi amefika juzi saa tisa alasiri, na kweli macho yake yalikuwa mekundu. Niliisoma barua nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilikasirikia sungura, nikakukasirikia wewe, nikamkasirikia yule mama na mashine yake. Pius akaniambia, "Mkasirikie yeyote unayetaka, lakini meza." Nikameza. Nimemeza juzi, jana na leo. Selina amechukua vidonge vyote, amevihesabu, ananipa asubuhi kwa mkono wake na kunitazama koo kama mtu anayelisha kifaranga. Nilimwambia mimi ni mama yake. Akasema anajua, ndiyo maana.

Nimefikiri sana kuhusu ulivyobaki mle ndani, ukawashika. Sitakupa pole ya maneno mengi, hujui kuipokea. Fomu ijaze. Nilikaa wiki tatu katika wodi ile nikaona wengi wanaojua, na wachache wanaokaa.

Msimu wa korosho umeanza na mimi siendi shambani. Sasa nasema sababu yake kwa jina lake. Watu wamezoea haraka kuliko nilivyodhani. Wananiletea korosho nizibangue nikiwa nimekaa, na umbeya wote wa kijiji sasa unapitia kwangu.

Njoo Krismasi. Usibebe kitu. Siku ya basi nitakuja kukupokea mwenyewe pale linaposimama, Pius abaki nyumbani na mgongo wake. Ni mwendo wa dakika ishirini. Nitatoka saa nzima kabla.

Dada yako,
Benedikta